Fuata Oksijeni Mpaka Ndani ya Seli

Daftari la Biolojia la kidato cha tano huanza na mchoro wa seli. Kiini katikati, mitokondria mbili tatu pembeni, mishale kumi na kitu, majina yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi anaukariri ukurasa ule, swali linakuja kwenye mtihani, alama anapata. Halafu muulize jambo moja: kwa nini mtu akikosa hewa hufa ndani ya dakika chache, ilhali tumboni ana ugali wa mchana na mwilini ana mafuta ya kumshikilia wiki kadhaa? Wengi hunyamaza. Wachache hujibu, "Kwa sababu oksijeni ni muhimu." Hapo swali limerudi lilikotoka.

Nafundisha Biolojia jioni hapa Moshi. Wengi wa wanafunzi wangu ni wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), wanaotaka udaktari, uuguzi, maabara au ufamasia, na huja na madesa matatu, yaani noti za kukariri, yasiyojuana. La seli lina viungo vyake, la fiziolojia lina moyo na mapafu, la baiokemia lina mizunguko ya mishale inayotisha. Huwaomba wayafunge yote kwanza. Tunachagua kitu kimoja na kukifuata kutoka nje ya mwili mpaka kinapoishia. Mimi huchagua oksijeni, kwa sababu ukiijua njia yake vizuri unaweza kusimama mbele ya ugonjwa au sumu usiyowahi kuisoma na kuuliza: njia imezibwa wapi? Tena sisi wa Moshi tuna bahati ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam hana. Tunaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, wa mita 5,895, na watu wanaoupanda wanatuonyesha kwa miili yao nini hutokea safari ya oksijeni ikianza vibaya.

Kuna kosa linalosemwa sana, hata na watu waliosoma, kwamba kule juu hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Sivyo. Hewa ya kilele cha Uhuru ina oksijeni asilimia 21, sawa na hewa ya stendi ya mabasi mjini, sawa na ya ufukweni Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na aliye chini amebeba hewa yote iliyo juu yake. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoiacha nyuma. Pwani mgandamizo ni milimita 760 za zebaki, na kileleni ni karibu nusu yake. Chukua asilimia 21 ya 760, utapata kama 160. Hiyo ndiyo sehemu ya mgandamizo inayotokana na oksijeni peke yake. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kileleni, utapata kama 80.

Kwa nini tuhangaike na mgandamizo? Kwa sababu mwilini hakuna pampu ya oksijeni, iwe kwenye mapafu au kwenye utando wa seli. Kifua huvuta hewa, moyo husukuma damu, lakini oksijeni yenyewe, inapovuka kutoka hewani kuingia kwenye damu na kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, husogea bila kusukumwa. Inatoka ilikojaa na kwenda iliko chache, na kasi yake hutegemea ukubwa wa tofauti hiyo. Wazee wa Kichagga waliochimba mifongo, mifereji ya kumwagilia mashamba, walilijua jambo hili kwa upande wa maji. Mfongo hauna injini, una mteremko tu, na kazi yote ya fundi ni kuhakikisha mteremko haupotei kuanzia mtoni mpaka kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Oksijeni nayo ina mteremko wake: pwani ni 160 hewani, kama 100 kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, kama 40 kwenye damu inayorudi kutoka mwilini, na ndani ya mitokondria ni milimita chache tu. Sehemu kubwa ya fiziolojia ya upumuaji na mzunguko wa damu ni kazi ya kuulinda mteremko huo.

Mapafu yanaulinda kwa eneo na wembamba. Vifuko vya hewa ni kama milioni 300, eneo lake lote likitandazwa hufika mita za mraba 70 hivi, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Moyo unaulinda kwa kuondoa damu iliyokwisha kujaa na kuleta nyingine yenye njaa, lita 5 hivi kwa dakika mtu akiwa amepumzika. Sitakaa hapo, vitabu vya shule vinaeleza vizuri. Jambo moja tu huwa halielezwi. Hewa ikiingia puani hulowanishwa, na mvuke wa maji kwenye nyuzijoto 37 una mgandamizo wa milimita 47, uwe ufukweni au uwe Uhuru. Pwani, kutoa 47 kwenye 760 si hasara kubwa. Kileleni unatoa 47 ile ile kwenye 380 hivi. Mlima unakupunguzia hewa, na mwili wako mwenyewe unakata fungu lake kamili.

Binamu yangu anaongoza wageni mlimani. Siku moja aliniambia kuhusu vibanda viwili vya kulala njiani: "Dada, mgeni anafika Horombo anacheka, anapiga picha. Kesho yake Kibo hataki hata kuongea. Na tofauti ni mita elfu moja tu." Alikuwa amekieleza kipande kimoja cha baiokemia kwa usahihi kabisa.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina sehemu nne, na kila sehemu ina atomu ya chuma inayoshika molekuli moja ya oksijeni. Sehemu hizo nne zinaambiana. Moja ikishika, umbo la protini nzima hubadilika kidogo na sehemu zilizobaki hushika kwa urahisi zaidi. Moja ikiachia, nyingine nazo hulegea. Ndiyo maana mchoro wa ubebaji wa oksijeni hauwi mstari ulionyooka, unapinda kama herufi S. Mgandamizo wa oksijeni ukishuka kutoka 100 hadi 60 kwenye damu, himoglobini bado imejaa karibu asilimia 90, na mtu hahisi sana. Ukishuka chini ya 60, mchoro unaporomoka. Horombo, mita 3,720, mgeni yuko kwenye ukingo wa mporomoko huo. Kibo, mita 4,720, ameshaingia. Kifaa kile cha kubana kidoleni, ambacho waongozaji wengi wanatembea nacho sasa, kinasoma nafasi ya mtu kwenye mchoro huo. Wanafunzi wangu wengi waliuchora mchoro huu kwa ajili ya mtihani na hawakujua kwamba unaweza kupimwa kwenye kidole cha mtu aliyekaa mbele yao.

Na uzuri wa protini hii hauishii hapo. Msuli unaofanya kazi hutoa kabonidayoksaidi na asidi, na vitu hivyo viwili huilegeza himoglobini iachie oksijeni pale pale inapohitajika. Christian Bohr wa Denmark na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1904. Mahali penye kazi nyingi panapata zaidi, bila amri yoyote kutoka kwenye ubongo. Nikifika hapa huwa nasimamisha somo kidogo, kwa sababu naona ni haki ya mwanafunzi kushangaa kabla ya kuandika noti.

Sasa mwili unajitetea vipi huko juu? Kwanza kwa kupumua kwa kasi. Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kwenda usoni na kwenye ubongo, kuna vipande vidogo vya tishu vinavyopima oksijeni ya damu. Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi iliyohusu vipimo hivyo. Oksijeni ikishuka, vinapiga kelele na mtu anahema. Lakini kuhema kunatoa pia kabonidayoksaidi, na kabonidayoksaidi ikipungua asidi ya damu nayo inapungua. Ubongo ukiona asidi imepungua unaamuru kupumua kupungue. Kuna amri mbili zinazopingana, na vita hivyo huonekana zaidi usiku. Ukilala kwenye vibanda vya juu utamsikia mwenzako akipumua kwa nguvu, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha anavuta hewa kwa kishindo. Wengi huogopa wakidhani mtu anakata roho. Kinachosikika ni amri ya oksijeni na amri ya kabonidayoksaidi zikibadilishana zamu.

Anayemaliza vita ni figo. Kwa siku mbili tatu hivi figo humwaga baikaboneti, kemikali inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, damu inarudi karibu na hali yake, breki ya kupumua inalegea. Hapo ndipo "pole pole" ya mlimani inapopata maana yake ya kikemia: unazipa figo muda.

Mwanafunzi mmoja, baba yake mpishi wa safari za mlimani, aliuliza: "Madam, kwa nini wageni wanapewa kile kidonge kinachowapeleka chooni kila saa?" Kidonge chenyewe ni asetazolamidi, wengi hapa wanakijua kwa jina la Diamox. Kinazuia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, kinachounganisha kabonidayoksaidi na maji, au kuvitenganisha. Kimeng'enya hicho ni kati ya vyenye kasi kubwa kabisa tunavyovijua. Molekuli yake moja inaweza kufanya kazi hiyo karibu mara milioni moja kwa sekunde. Kikizuiwa kwenye figo, figo hushindwa kuirudisha baikaboneti kwenye damu na kuimwaga. Yaani dawa inazisaidia figo kufanya mapema kile ambacho zingekifanya zenyewe. Kimeng'enya hicho hicho kipo pia kwenye ulimi, ndiyo maana aliyemeza kidonge hicho akinywa soda huiona kama imekufa, haina ule ukali wake. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Ina watu wasiopaswa kuitumia, na haimlindi mtu anayepanda mbio.

Njia ya pili ya kujitetea ni kuongeza seli nyekundu za damu. Figo zina seli zinazotambua upungufu wa oksijeni na kutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa uzalishe zaidi. Zinatambuaje? Hili lilijibiwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, wakapewa Nobel ya mwaka 2019. Seli hutengeneza muda wote protini iitwayo HIF, na muda wote huiharibu. Kuiharibu kunahitaji iwekwe alama, na alama hiyo hutengenezwa kwa kutumia oksijeni yenyewe. Oksijeni ikiwa haba, alama haiwekwi, HIF inabaki, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Yule mwanafunzi aliyechora kiini katikati ya seli na kukiandikia "hudhibiti shughuli za seli" sasa anakiona kikidhibiti: kuna habari imetoka hewani, imepita kwenye damu, imefika kwenye DNA, na jibu limerudi likiwa seli mpya. Ila kuongeza seli za kutosha huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mgeni wa siku sita au saba hafaidiki sana na njia hii. Anayembeba ni kupumua kwake na figo zake.

Seli nyekundu yenyewe inastahili heshima zaidi ya ile tunayoipa. Ina himoglobini karibu molekuli milioni 270, na ili iwe na nafasi ya kuzibeba imeacha kiini chake na mitokondria zake zote. Huishi kama siku 120. Haina mitokondria, basi haitumii hata molekuli moja ya oksijeni inayoibeba kupata nguvu. Hujiendesha kwa kuvunja sukari bila oksijeni, tangu inapoingia kwenye damu mpaka inapokufa. Shikilia hilo, tutalihitaji.

Kabla hatujaingia ndani ya mitokondria, kuna kizuizi kimoja ambacho lazima nikitaje, kwa sababu kinaua watu katika mikoa yetu ya baridi. Juni na Julai, Arusha na huku kwetu kwenye miteremko ya mlima, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Himoglobini huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Hewa ya chumbani bado ina oksijeni, mapafu ni mazima, moyo unapiga, lakini mbebaji amekaliwa. Tena zile sehemu chache zilizobaki na oksijeni hung'ang'ania, haziachii kwenye tishu. Kibaya zaidi, kifaa cha kidoleni cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyoshika oksijeni na iliyoshika gesi hii. Kinaweza kusoma namba nzuri kabisa kwa mtu anayekufa. Ikiwa umelala na jiko ndani na ukaamka na kichwa kinauma, kichefuchefu, na wenzako wote vivyo hivyo, tokeni nje mara moja na mwende hospitali. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu. Mgonjwa akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi kama dakika 60 hadi 90. Mwambieni na mama nyumbani, mwambieni na mlinzi wa getini anayelala kwenye kibanda kidogo na jiko lake.

Sasa tuingie. Oksijeni imevuka utando wa seli na imefika kwenye mitokondria. Inafanya nini? Desa linasema mitokondria ni nyumba ya nguvu ya seli, na mwanafunzi hubaki akidhani oksijeni ni nguvu. Nguvu iko kwenye chakula. Glukosi, yaani sukari, ina elektroni zilizokaa mahali penye nishati kubwa, na kazi ya seli ni kuzishusha kidogo kidogo, si kwa mlipuko. Seli huikata glukosi hatua kwa hatua. Hatua za kwanza hufanyika nje ya mitokondria, za baadaye ndani, zikiwemo zile za mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Katika hatua hizo elektroni hukabidhiwa kwa mbebaji mdogo aitwaye NAD, ambaye akishabeba huitwa NADH. Mbebaji huyu huzipeleka kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na huko zinapokezanwa na protini moja hadi nyingine. Kila zinaposhuka, nishati inayotoka husukuma protoni kutoka ndani kwenda upande wa pili wa utando. Protoni zinarundikana upande mmoja. Umeshaelewa kinachofuata: tofauti imetengenezwa, na zile protoni zinataka kurudi. Njia pekee kubwa iliyoachwa wazi ni protini inayozunguka kweli kweli, inapitisha protoni na kwa mzunguko huo hubana ADP na fosfati kuwa ATP, molekuli ambayo seli huitumia kuendeshea kazi zake.

Wazo hili alilitoa Peter Mitchell wa Uingereza mwaka 1961, na wanabaiokemia wengi walilikataa kwa miaka mingi. Walikuwa wakitafuta molekuli fulani ya kati inayobeba nishati, na yeye akawaambia hakuna molekuli kama hiyo, kuna tofauti kati ya pande mbili za utando. Alipewa Nobel mwaka 1978. Kwangu hili ndilo wazo kubwa kuliko yote katika baiokemia ya shule, na nasikitika kwamba mara nyingi hupewa mistari miwili chini ya ukurasa.

Na oksijeni? Iko mwisho wa mstari. Elektroni zikishashuka zote lazima mtu azipokee, na mpokeaji ni oksijeni, ambayo hujiunga na protoni na kuwa maji. Basi. Sehemu kubwa kabisa ya oksijeni unayoivuta huishia hapo. Asipokuwepo wa kupokea, protini ya mwisho hubaki imejaa elektroni, iliyo nyuma yake nayo hujaa, mpaka NADH inakosa mahali pa kushusha mzigo wake. Protoni hazisukumwi tena. ATP haitengenezwi.

Hapo ndipo lile swali la dakika chache linapojibiwa. Mwili wa mtu mzima una makumi ya gramu tu za ATP kwa wakati wowote, lakini kwa siku moja hutengeneza na kutumia tena na tena kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe. Hakuna ghala la ATP. Ugali uko tumboni, mafuta yako kiunoni, ila vyote ni malighafi. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni mtu akiwa amepumzika, huchoma sehemu kubwa ya ATP yake kwenye pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Pampu hizo zikikosa ATP, sodiamu hubaki ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Jens Skou wa Denmark, aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957, alipewa Nobel ya Kemia ya mwaka 1997 pamoja na Paul Boyer na John Walker, walioeleza jinsi ile protini inayozunguka inavyotengeneza ATP. Mtengenezaji wa ATP na mmoja wa walaji wake wakubwa walitunukiwa jukwaa moja. (Madesa ya zamani yanasema glukosi moja hutoa ATP 38. Hesabu za sasa ni 30 hadi 32, kwa sababu baadhi ya protoni huvuja na nyingine hutumika kusafirisha vitu kupitia utando. Kwenye mtihani fuata mtaala wako, ila ujue ukweli uko wapi.)

Weka sasa sayanidi mahali pake. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri hutoa sayanidi, nayo huziba ile protini ya mwisho inayoikabidhi oksijeni elektroni. Hewa ipo, himoglobini imejaa, damu imefika, oksijeni imeingia ndani ya seli, na seli haiwezi kuitumia. Damu inarudi kwenye moyo ikiwa bado nyekundu inayong'aa, kwa sababu hakuna aliyechukua kitu. Mlima unaziba mwanzo wa njia, mkaa unaziba katikati, sayanidi inaziba mwisho. Watu watatu hawa wote wamekosa ATP, na mwanafunzi anayeifahamu njia hawezi kuwachanganya.

Seli haikati tamaa mara moja. Ule ukataji wa kwanza wa glukosi, unaofanyika nje ya mitokondria, hutoa ATP 2 bila kuhitaji oksijeni. Ni kidogo, ila ni kitu. Tatizo ni kwamba nao unahitaji NAD iliyo tupu, na kama tulivyoona, mitokondria zimefunga mlango na NAD zote zimejaa. Lazima mzigo utuliwe mahali pengine. Msuli huutua juu ya piruvati, ambayo ndiyo glukosi iliyokatwa vipande viwili, na piruvati iliyopokea mzigo huo huitwa lakteti. Lengo zima la kutengeneza lakteti ni kuirudisha NAD ikiwa tupu ili ukataji uendelee. Hilo likieleweka, nusu ya sura ile ya upumuaji bila oksijeni haina haja ya kukaririwa. Na seli nyekundu, isiyo na mitokondria, hufanya hivyo maisha yake yote.

Lakteti imesingiziwa mengi. Siyo taka: moyo huichoma kama chakula, na ini huirudisha kuwa glukosi, kazi iliyoelezwa na Carl na Gerty Cori, waliopata Nobel mwaka 1947. Wala siyo inayofanya mapaja yaume siku mbili baada ya kushuka mlima. Anayetoka kileleni kupitia njia ya Mweka hushuka zaidi ya mita 2,500 kwa siku moja, na muda wote huo misuli ya mapaja inafanya kazi huku ikinyooshwa ili kuuzuia mwili usianguke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli, na maumivu ya kesho na keshokutwa ni ya majeraha hayo na ukarabati wake. Lakteti ilishaondoka muda mfupi tu baada ya mtu kukaa chini.

Hamira, ambayo nayo ni seli yenye kiini na mitokondria kama zetu, hulitatua tatizo lile lile kwa njia nyingine. Huivunja piruvati, hutoa kabonidayoksaidi, na mzigo wa NADH huutua juu ya kinachobaki. Kinachopatikana ni alkoholi. Kila mzee aliyekaa na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mkononi ameonja namna seli inavyoitua NADH. Na mbege ina baiokemia kabla hata hamira haijafika. Ndizi mbichi ina wanga kama asilimia 20 ya nyama yake. Tukiivundika, tunazuia gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi zenyewe isipotee, na gesi hiyo ni homoni inayoziamuru ziive: vimeng'enya hukata wanga, na ndizi iliyoiva kabisa hubaki na wanga asilimia 1 au 2, sukari ikiwa imechukua nafasi yake. Ulezi nao huoteshwa kwanza, kwa sababu mbegu inayoota hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga wake ili mche upate chakula. Mama zetu walikuwa wakiziamuru seli za mgomba na za nafaka zifanye kazi kabla ya kuikabidhi hamira.

Wanafunzi wangu hulifanya hili nyumbani, nanyi mnaweza. Kata vipande vya ndizi mbichi, ya kati na iliyoiva sana, dondoshea kila kipande tone la ayodini ya duka la dawa. Mbichi itageuka bluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi, iliyoiva itabadilika kidogo sana. Msivile tena vipande hivyo. Kisha chukua chupa tatu za maji. Kila moja tia maji ya uvuguvugu na ndizi mbivu iliyopondwa. Ya kwanza ongeza hamira, ya pili ongeza hamira uliyoichemsha na kuiacha ipoe, ya tatu usiongeze kitu. Vika kila mdomo wa chupa puto, usiifunge kwa kizibo, na uziache mahali penye joto.

Puto la kwanza litasimama. La pili halitasimama, na hapo ndipo pa kufikiri, kwa sababu jibu la haraka ni kwamba hamira imekufa, na jibu hilo halitoshi. Mwaka 1897 Eduard Buchner, Mjerumani, aliiponda hamira kwa mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na seli hata moja iliyo hai, na maji yale yakaichachua sukari. Kwa hiyo uhai wa seli si sharti. Andikeni kwenye daftari, kwa maneno yenu wenyewe, moto uliharibu nini kwenye chupa ya pili ambacho mchanga wa Buchner haukukiharibu. Na kama puto la tatu nalo litaanza kuinuka siku ya pili au ya tatu, andikeni mnadhani hamira yake ilitoka wapi.